Pesa za Marehemu, Kidole cha Jirani

Nyinyi vijana mnaotunza simu, kadi na namba za siri za nyanya zenu, leo nina maneno nanyi. Na nyinyi mlioajiriwa juzi katika kazi niliyoiacha, sogeeni pia. Nilikuwa afisa wa probesheni kwa muda mrefu, Nanyuki, Murang'a, na mwishowe hapa Nyeri, mpaka serikali iliponipa barua ya kustaafu nikarudi kwa kuku wangu. Kwa wasiojua, afisa wa probesheni ndiye anayetumwa na hakimu nyumbani kwa mtu aliyekiri kosa. Unaenda kuuliza: huyu ni mtu wa namna gani, alikosea vipi, na akiachwa nje ya jela, atatengeneza au ataharibu zaidi? Unaandika ripoti. Akipewa kifungo cha nje, ni wewe unayemsimamia hadi amalize.

Watu hudhani kazi hiyo inakufanya uwadharau binadamu. Mimi ilinifundisha kuwaheshimu baadhi ya wakosaji kuliko ninavyowaheshimu wengi ambao hawajawahi kuona mlango wa korti. Nitawaambia habari za mmoja. Lakini kwanza mjue nilivyokuwa mjinga, ili msidhani nilizaliwa na miwani puani.

Nikiwa bado mgeni kazini, Nanyuki, nilipewa faili ya bwana mmoja bawabu wa hoteli. Alikuwa akipokea msaada wa walemavu na alikuwa amekiri kwamba aliongeza chumvi kwenye fomu, lakini, ati, mguu wenyewe ulikuwa mbaya kweli. Alikuja ofisini akijivuta kwa mkongojo, jasho likimtoka. Nilimwonea huruma hadi nikamfungulia mlango. Nikaandika: hawezi kutembea hatua ishirini bila kupumzika. Jumapili iliyofuata nikaenda kumtazama mpwa wangu akicheza mpira. Refa ni nani? Ni bwana yule, kaptura nyeusi, anaufuata mpira mbio kama swara. Aliponiona kando ya uwanja, alipuliza kipenga cha mapumziko dakika ya ishirini. Wachezaji walimzunguka kumuuliza kulikoni. Alikuwa ameshaondoka, tena mbio.

Mkubwa wangu wakati huo aliitwa Mzee Ndirangu, mtu wa Murang'a, mwembamba, koti moja mwaka mzima. Nilipomhadithia alicheka mpaka akatoa kitambaa. Kisha akaacha kucheka. "Sasa keti uandike ripoti nyingine," akaniambia. "Ile mbaya haiondolewi na aibu yako." Nilisimama mbele ya hakimu nikasema nilikosea. Refa wetu aliamriwa kurudisha yote na kulipa faini juu yake, na hoteli ilipoona jina lake limeingia kwenye rekodi za polisi ikamwambia asirudi langoni. Mguu wake ulipona, kazi ikafa.

Mzee Ndirangu ndiye aliyenifundisha kazi. Alibeba chupa yake ya chai kila alipotembelea boma la mtu. "Chai ya mshtakiwa ni tamu," alisema, "na utamu wake huingia kwenye ripoti." Alinifundisha kupiga hodi kwa jirani kabla ya kwenda kwa mwenyewe. Alinikataza neno "inasemekana". Nani amesema? Andika jina lake au uache. Na jambo ambalo nimelishika mpaka leo: ukimaliza kumhurumia mkosaji, na umhurumie kwa sababu ni mtu, ondoka uende ukamtafute aliyekosewa, kwa sababu huyo hakuna anayemtuma ofisini kwako. Kwenye kesi za pesa za serikali, watu husema hakuna aliyekosewa. Ni pesa za serikali tu. Mzee Ndirangu aliposikia hivyo alikunja uso kama aliyeuma limau.

Sasa Nyaguthii.

Alikuwa mjane wa upande wa Mweiga, mama wa msichana mmoja aliyeitwa Mugure, kwa hiyo majirani walimwita Mama Mugure. Alipika katika shule moja ya msingi na kulima viazi kwenye kipande cha ardhi alichoachiwa na mumewe. Alimtunza pia mama mkwe wake, mzee asiyetoka kitandani, na kila niliyemuuliza alisema alimtunza vizuri, hakuwahi kupata kidonda cha kulala. Yule mzee alikuwa akipata pesa za wazee, elfu mbili kwa mwezi, na kwa kuwa hakuweza kutembea, Nyaguthii aliandikishwa kuwa mlezi wake. Yeye ndiye aliyekwenda kwa wakala, akaweka kidole chake, akaleta pesa nyumbani. Hilo ni halali kabisa.

Mama mkwe akafa. Sheria inataka uende kwa chifu useme, jina litolewe. Nyaguthii hakwenda.

"Madam, sikuamka siku moja nikasema sasa mimi ni mwizi," aliniambia baadaye. "Mwezi wa mazishi niliendea hiyo pesa kwa sababu ya deni ya jeneza. Nikasema ni hii moja tu. Mwezi mwingine Mugure akafukuzwa shule. Nikasema ni hii moja tu. Hiyo 'moja tu' nimeisema miezi ishirini na sita."

Katikati ya miezi hiyo alipata nafasi ya kuacha. Likatoka tangazo: wazee wote waje wenyewe, waandikishwe vidole upya. Angekaa kimya tu, jina la marehemu lingekufa lenyewe na labda nisingemjua kamwe. Badala yake alivuka ua akaenda kwa jirani, Cucu Gathoni. Cucu kwetu ni nyanya, na huyu alikuwa nyanya wa kijiji kizima ingawa watoto wake wote walikuwa wametangulia. Aliishi peke yake na mbuzi wawili. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Nyaguthii akamwambia mjini kuna madaktari wanapima macho bure.

Akampeleka kwenye foleni ya wazee, na kitambulisho cha marehemu mfukoni. Picha imefifia, wazee ni mamia, kijana wa mashine amechoka. "Cucu, kidole hapa." Cucu akaweka kidole. Akauliza kwa Kikuyu kama huo ndio mwanga wa kupimia macho. Nyaguthii akamwambia ndiyo.

Mwaka ukapita, Nyaguthii akiendelea kuchukua pesa kama mlezi. Cucu Gathoni mwenyewe alikuwa ameomba pesa za wazee zamani, na jina lake likatoka. Akajifunga kitambaa kizuri cha kanisani, akaenda. Akaweka kidole. Mashine ikasema kidole hicho tayari kina mwenyewe, na ikataja jina la jirani yake aliyezikwa. Kijana wa mashine akamwita mkubwa wake. Mkubwa akawaita polisi. Kabla ya mwezi kuisha wanawake wawili walikuwa wameshtakiwa kwa kupata pesa kwa udanganyifu: Nyaguthii mshtakiwa wa kwanza, Cucu Gathoni, mwenye miaka themanini na kitu, mshtakiwa wa pili.

Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa ng'ombe wa maziwa wa Nyaguthii, ili kulipa dhamana na wakili. Wiki hiyo hiyo shule ikamwambia Nyaguthii akae nyumbani hadi kesi iishe.

Siku ya kusomewa mashtaka mimi ndiye niliyekuwa zamu kortini. Nilikaa kwenye benchi la nje, na mbele yangu walikaa Nyaguthii, shemeji yake, na wakili kijana mwenye viatu vinavyong'aa. Hawakunijua. Mwisho wa benchi lao, Cucu Gathoni alikuwa akifungua kitambaa chenye viazi vitamu vya kuchemsha.

"Wewe sema huyu mzee alikubali, mkawa mnagawana," shemeji alimwambia Nyaguthii kwa sauti ya chini. "Nani atamfunga mtu kama huyo? Hakimu atamhurumia, na wewe utahurumiwa kando yake."

"Mzigo wa watu wawili ni mwepesi," wakili akasema. "Ukiubeba peke yako, jela iko hapo."

"Na yeye atasema aje?" Nyaguthii akauliza.

"Yeye hata haelewi wanasema nini hapa," shemeji akajibu.

Nyaguthii akageuka kumtazama Cucu. Wakati huo huo yule mzee akavunja kiazi katikati akampa kipande. "Kula, mama," akamwambia, "leo tutakaa sana." Mpaka siku ile Cucu alidhani mashine ndiyo iliyokosea, na kwamba Nyaguthii ameshikwa kwa bahati mbaya kama yeye.

Nyaguthii alikipokea. Hakukila. Walipoitwa, aliingia nacho mkononi.

Karani akasoma mashtaka, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kikuyu kwa ajili ya Cucu. Hakimu, mama mpole ambaye hakupenda kupotezewa wakati, akamuuliza mshtakiwa wa kwanza anasemaje.

"Ni kweli, Mheshimiwa."

Wakili akainuka. "Mheshimiwa, naomba dakika niongee na mteja wangu..."

"Sitaki dakika," Nyaguthii akasema. "Ni kweli nilichukua pesa ya mtu amekufa. Na huyu mama ako kando yangu hajui kitu. Mimi nilimdanganya. Nilimwambia tunaenda kupimwa macho. Hajawahi kuona hata shilingi."

Hakimu akamuuliza kama anaelewa kwamba kwa maneno hayo anaweza kwenda jela hadi miaka mitatu. Akasema anaelewa. Akamuuliza kama kuna mtu amemlazimisha. Akasema hapana, wamemlazimisha aseme ile ingine.

Karani akamtafsiria Cucu Gathoni. Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema kwa sauti, na karani akalazimika kututafsiria sisi: "Kumbe hayakuwa macho? Nami nimekuwa nikingoja miwani."

Watu wakaanza kucheka. Kicheko hakikufika mbali. Nimeona wanaume wakipokea kifungo cha miaka kumi bila kupepesa. Nyaguthii, aliyekuwa amesema kila kitu akiwa mkavu kama kuni, alishika ukingo wa kizimba akalia.

Kiongozi wa mashtaka aliondoa kesi dhidi ya Cucu siku ile ile. Hakimu akaagiza niandike ripoti ndani ya majuma mawili. Nje ya korti, shemeji alipita karibu na Nyaguthii kama anayepita karibu na nguzo ya stima. Nauli ya kurudi Mweiga waliazimwa na karani, Nyaguthii na Cucu wote wawili.

Nitawaambia ukweli wangu hapa. Nilitaka kuandika ripoti tamu. Moyo wangu ulikuwa umeshachukuliwa. Nilifika Mweiga na chupa yangu ya chai, na kwa sababu ya yule mzee wa Murang'a nilipiga hodi kwa jirani kwanza, na jirani ni Cucu Gathoni. Nikamkuta amepanga vidonge vya presha juu ya meza, viwili viwili.

"Cucu, hivi unameza vyote leo?"

"Hapana. Kimoja leo, kimoja kesho kutwa. Ili vifike mbali."

Daktari alikuwa amemwambia kimoja kila siku. Lakini jina lake kwenye mashine lilikuwa limefungwa. Kidole chake kilikuwa cha marehemu, na pesa alizongoja miaka hazikuja. Mbuzi mmoja alikuwa ameshauzwa. Basi huyo ndiye aliyekosewa kwenye "pesa za serikali tu". Nikaandika yote. Niliandika kwamba Nyaguthii alisema ukweli uliomgharimu. Niliandika pia vile vidonge. Nilipomsomea Nyaguthii kabla ya kupeleka, alinisimamisha hapo kwenye vidonge, akaniomba nirudie. Nilirudia. Hakusema nifute.

Hakimu alimpa miaka miwili ya kifungo cha nje, na arudishe kila shilingi aliyochukua. Akimkosea afisa wake au akiacha kulipa, ataletwa tena kuhukumiwa kwa kosa lile lile, na safari hiyo asitegemee huruma.

"Una swali?" akamuuliza.

"Mheshimiwa, na za Cucu?"

Hakimu akafungua faili, akapekua. Kwenye mashtaka kulikuwa na pesa za serikali peke yake. Miezi ambayo Cucu Gathoni alikosa zake haikuwa imeandikwa popote. "Hizo haziko kwenye kesi hii," akasema.

"Haziko, lakini ziko," Nyaguthii akajibu, kwa adabu, na akashuka kizimbani.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu hawahadithii. Mtu akishasema "aliachiliwa kifungo cha nje", mnadhani mambo yameisha. Shule haikumrudisha; ilitaka cheti cha tabia njema kutoka polisi, na chake kingetoka na kosa juu yake. Aliomba kazi kwenye jikoni tatu za Nyeri, na kila mahali akaulizwa cheti kile kile. Chama cha akina mama wenzake kilimrudishia akiba yake na kumwomba, kwa upole, asije tena. Mkopo wa mbegu alinyimwa. Ng'ombe alikuwa ameenda, kwa hiyo maziwa ya kuuza hayakuwepo. Mugure, ambaye kwa ajili yake yote hayo yalianza, alitolewa shule ya bweni akaingia ya kutwa. Mtoto alisikia habari kutoka kwa wenzake kabla hajaambiwa na mama yake. Alikaa siku nyingi bila kumsemesha. Halafu Jumamosi moja nilimkuta shambani akichimba viazi kando ya mama yake, gunia likijaa.

Elfu mbili aliyoichukua kwa kidole kimoja asubuhi moja, kuirudisha ilikuwa vibarua vya siku nyingi mgongo ukiwa umeinama. Alikuwa anavuna viazi vya watu, akipalilia, akifua. Kila mwisho wa mwezi alikuja ofisini kwangu na risiti. Hakuwahi kuchelewa. Mwezi mmoja wa baridi kali, ukungu umefunika hata mnara wa kanisa, nilijua hatakuja, nikaanza kuandika hivyo kwenye daftari. Akaingia amelowa mpaka magotini.

Na kila mwezi kulikuwa na kitu cha Cucu Gathoni. Hakuna aliyemwagiza. Alimnunulia vidonge kwanza. Kisha akamrudishia mbuzi, mdogo, lakini jike. Miwani nayo alimpeleka kwa madaktari wa kweli, na Cucu aliwauliza mara mbili kama hawa ni wale wa macho kweli kweli, jambo lililompa Nyaguthii aibu aliyoistahili.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kukirudisha kile kidole kwa mwenyewe. Mashine haijui kusamehe. Ilibidi Nyaguthii aapishwe kwa wakili, aandike kwa mkono wake jinsi alivyomdanganya mzee, halafu aipeleke karatasi ile kwa chifu, kwa ofisi ya kata, mpaka Nyeri, na kila meza walimwambia, "Hebu eleza ilikuwaje." Akaeleza. Kulikuwa na kijana mmoja aliyemwita mwenzake kutoka chumba cha pili ili aje asikie vizuri. Akaeleza tena. Nilikuwepo siku hiyo, na nilitaka kumzaba yule kijana faili kichwani. Nyaguthii alimaliza, akasema asante, akauliza meza inayofuata iko wapi. Nimefanya kazi na watu wenye vyeti vingi. Ujasiri wa namna ile sijauona kwao wala kwangu.

Hatimaye jina likafunguliwa. Tulikwenda na Cucu Gathoni kuandikishwa, mimi nikiwa afisa anayesimamia kesi, Nyaguthii akimshika mkono. Dada wa zamu alikuwa mwenye heshima. Akachukua kidole, mashine ikakubali, jina likatoka lake mwenyewe. Cucu alilisoma kwa miwani yake, akiguna, ingawa hajui kusoma.

"Sasa Cucu," dada akasema, "wewe ni mzee, njia ni mbali. Tunaandika mlezi, mtu atakuwa anakuchukulia pesa. Tuandike nani?"

Cucu akamwelekeza Nyaguthii kwa kidole kile kile.

Dada akanitazama mimi. Alikuwa na karatasi zote mbele yake. "Cucu, huyu hawezi," akasema polepole. "Huyu ndiye alikuibia. Hata sheria inakataa. Hakuna mwingine?"

"Wengine wako," Cucu akasema, nami nikatafsiri. "Lakini huyu makosa yake nayajua yote. Ameyasema mbele ya watu mpaka sauti ikamwisha. Ya hao wengine siyajui."

Sheria ni sheria, na dada yule hakumwandika, na mimi nisingemruhusu amwandike. Nafasi ya mlezi ikaachwa tupu. Nyaguthii hakubisha. Alisema ndivyo inavyofaa.

Nilistaafu muda mfupi baada ya yeye kumaliza miaka yake miwili. Bado nakutana nao mara kwa mara ninapokwenda Mweiga kununua viazi. Siku ya malipo utawaona wakishuka barabarani taratibu, mzee amemshika mkono. Wakifika kwa wakala, Nyaguthii humpandisha ngazi ile moja, humfungulia mlango, kisha huuachilia mkono wa Cucu na kubaki nje. Haingii. Husimama pale akitazama barabara mpaka mzee atoke.